Mtoto Niliyempa Sifuri

Kwa miaka miwili nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akipiga deki wodi yangu. Wanaonijua hawataamini, kwa sababu wanaonijua wamezoea kunihesabu kati ya watu wa kuonewa wivu.

Nilizaliwa upande wa Msambweni, katika nyumba ya udongo na makuti, mtoto wa mkwezi wa minazi ya watu. Nilipomaliza kidato cha nne nilifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, kisha nikaenda Ghuba, Uarabuni, kusukuma vitanda vya wagonjwa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mheshimiwa aliyenipigia simu. Nilisoma huko huko, kwa lugha mbili ambazo sikuzaliwa nazo, miguu imevimba kwa kusimama, mpaka nikaipata diploma yangu ya uuguzi. Nimeitundika sebuleni juu ya televisheni, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni anayeingia kwangu huiona kabla hajaniona mimi. Wale niliosoma nao, waliocheka nilipokuwa nikibeba vikapu vya mashuka machafu, leo hunipigia simu watoto wao wakipata homa. Nawajibu wote. Lakini siwajibu papo hapo.

Niliporudi nilipata kazi katika wodi ya watoto, kwenye hospitali moja ya pwani hii ya kusini ambayo sitaitaja. Nilikuta karatasi za kupimia maumivu ya watoto zimefungwa kwa mpira ndani ya droo, hazijaguswa. Mimi ndiye niliyezitoa. Niliwafundisha wauguzi wenzangu kuzitumia, hata wawili wenye digrii.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kupasuliwa hawezi kukwambia anaumwa kiasi gani. Ukimuuliza, atakujibu ndiyo kwa kila swali au atakutazama tu. Kwa hiyo wewe ndiye unayemtazama. Karatasi inataka mambo matano: uso wake, miguu yake, mwili wake, kilio chake, na kama anabembelezeka. Kila jambo unaliandikia sifuri, moja au mbili, halafu unajumlisha. Kumi ni mtoto anayeteseka, sifuri ni mtoto aliyestarehe. Jumla ikifika nne, paracetamol peke yake haitoshi. Unampa na morfini ya kunywa, kwa kadiri ya uzito wake. Ukikosea kumtazama, dawa hiyo haitoki kabatini, naye hana namna ya kuidai.

Sikuwa na shaka kwamba mimi sikosei. Wodi yangu ilikuwa kimya. Zamu za wenzangu ungesikia vilio tangu kwenye lango la magari. Zamu yangu ungesikia feni. Mpasuaji mmoja aliwahi kusimama mlangoni akauliza kama watoto wamehamishwa. Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima. Kina mama nilikuwa nimekwisha kuwaambia, kwa adabu, kwamba hospitali si soko na kwamba mtoto anayepiga kelele huwaamsha wenzake. Walinisikia. Nikiingia na sare yangu iliyopigwa pasi na ile saa niliyokuja nayo kutoka Ghuba, ya kubandika kifuani, walikaa wima na watoto wao wakatulia.

Sasa yule mwanamke. Alitoka Mkongani, alikuwa na umri wa mama yangu mdogo, na elimu yake iliishia darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kubadilisha mashuka na kumwaga vyombo vya mikojo. Wodi nzima tulimwita Mama. Yeye aliniita mwanangu, na aliponitania aliniita baba. Nje ya hospitali nilimwamkia shikamoo kama inavyopasa. Ndani ya wodi nilijifanya nasoma faili mpaka yeye aniamkue kwanza.

Kilichonikereketa ni hiki. Mzazi akitaka kujua kama mtoto wake aanze kunyonya baada ya upasuaji, alinipita mimi nikiwa na kalamu tatu mfukoni, akaenda kumuuliza yeye mwenye ndoo. Mtoto akiamka kutoka usingizi wa dawa akilia isijulikane anataka nini, walimwita yeye. Walimletea mihogo ya kuchemsha na papai lililofunikwa sahani. Mimi waliniletea heshima. Yeye aligawa alichopewa, na fungu langu aliliweka mezani kwangu kila mara, bila kukosa. Nilikula. Kila mara nilikula kwa kinyongo.

Nilijiambia kwamba ni ushamba wa watu wetu: wakimwona mtu wa kijijini mwao, mwenye leso kiunoni na mikono iliyochubuka kwa dawa ya kusafishia, wanamwamini kuliko aliyesoma. Nilijiambia pia kwamba angekuwa na chembe ya aibu angewaambia waje kwangu. Wakati mwingine aliwaambia. Walikuja, wakaniuliza kwa sauti ndogo, nikawajibu kwa ukamilifu, halafu nikawaona wakirudi kwake kuhakikisha.

Kisa ninachotaka kukieleza kilianza alipoletwa msichana wa miaka mitatu kutoka Funzi. Wiki kadhaa nyuma alimwagikiwa na sufuria ya uji kifuani, na kidonda kilikataa kufunga. Wapasuaji walichukua ngozi ya paja lake la kushoto wakaipandikiza kifuani. Wasiojua hudhani kwamba baada ya upasuaji kama huo kifua ndicho kinachouma. Kinachouma ni paja. Mahali palipotolewa ngozi huwaka kama goti lililochunika, ila huko ni paja zima. Nililijua hilo. Nililisoma na mtihani wake nikaupita.

Alipasuliwa jioni. Asubuhi iliyofuata nilipoingia zamuni nilimkuta kitanda cha dirishani, amelala chali, bendeji kifuani na pajani, macho yamefunguka. Mama yake, mwanamke kijana mwenye haya nyingi, alisimama haraka kwenye stuli akajitanda leso. Nikamtazama mtoto. Uso umetulia. Miguu imenyooka, haitupitupi. Mwili haujipindi. Halii. Nikaandika sifuri. Saa tatu nikaandika sifuri tena. Saa nne na nusu, sifuri ya tatu. Paracetamol aliipata kwa wakati wake. Morfini ilibaki kabatini, na nilifurahi kwa jinsi karatasi ilivyopendeza, sifuri tatu zimepangana kwenye mstari mmoja.

Muda mfupi baadaye Mama alikuja mezani kwangu, akauegemeza ufagio wa deki ukutani.

"Mwanangu, yule mtoto wa dirishani aumwa."

Nikamwambia kwamba nimetoka kumpima sasa hivi.

"Najua. Nilikuona ukimpima. Ndiyo maana nakwambia."

Damu ilinipanda. Nikamuuliza kama ndoo yake nayo ina karatasi ya kupimia. Kina mama wa vitanda vya karibu walisikia, na mmoja akaangalia pembeni. Yeye alicheka, hakuonyesha kuchukia.

"Ndoo yangu ina maji machafu tu, baba. Lakini mtoto aumwa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wodi. Alikuwa sista wa bara, mtu wa maneno machache, aliyejifunza Kiswahili chake ukubwani na kukitumia kama mtu anayepima dawa. Nilimweleza kwamba nimechoka kuingiliwa kazi na mpiga deki, kwamba mimi ni mtu wa diploma, na kwamba ama aambiwe abaki na sakafu yake au niambiwe mimi kwamba nilipoteza miaka yangu bure. Nilitaka akemewe mbele ya wale kina mama. Huo ndio ukweli wa nilichotaka.

Sista alivua miwani akaipangusa. Akasema haitachukua muda: kila mtu amwonyeshe anachokiona. Mama akiwa amekosea, hataongea tena habari za wagonjwa. Hakusema itakuwaje nikiwa nimekosea mimi, na mimi sikumuuliza kwa kuwa sikuona haja.

Nilianza mimi. Nilisimama mwisho wa kitanda nikiwa na karatasi, nikasoma kwa sauti ili wodi isikie. Uso, sifuri. Miguu, sifuri. Mwili, sifuri. Kilio, sifuri. Nikamgusa mkono kuona kama ataruka au atabembelezeka. Aliniachia mkono kama kitu kisicho chake. Sifuri. Macho yake hayakupepesa. Yalikuwa yakitazama kifua changu.

Kisha Mama akaomba zamu yake. Kwanza alimuuliza mama wa mtoto kama ameonja kitu tangu atoke upasuaji. Yule mama kijana akasema hajatia chochote mdomoni ila maji, ingawa nyumbani kwa kitumbua angepigana na kaka zake. Mama akatoa kitumbua kwenye mfuko wake wa chai ya saa nne, akakiweka kwenye sahani juu ya kabati la pembeni, upande wa mkono wa kulia wa mtoto, mahali ambapo mtoto akigeuka kidogo tu atakifikia. Akamwambia mama yake aende akafue leso bombani. Akaokota ndoo akaigongesha makusudi, akatoka kama mtu aliyemaliza kazi. Sisi wawili akatutoa naye, akatuzungusha mpaka barazani, nyuma ya dirisha lenye pazia lililovutwa nusu.

Tulisimama hapo, sista, mimi na mwenye ndoo. Kwanza hakikutokea kitu, na nilianza kupanga maneno nitakayosema.

Ndipo mtoto akageuza macho kuelekea mlangoni. Akautazama mlango kitambo. Akautazama na mlango wa pili, ule wa chumba cha dawa. Alipoona hakuna mtu, uso wake ukakunjika wote, mdomo ukafunguka kama wa mtoto anayelia kwa nguvu zake zote, na hakukutoka sauti yoyote. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimejikunja kama vya ndege. Akavuta pindo la shuka akaling'ata. Baada ya muda akakiona kitumbua. Akanyoosha mkono, kiuno kikafuata kidogo, paja likamvuta, akaurudisha mkono upesi kama aliyegusa jiko. Alijaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu hakujaribu, alikitazama tu.

"Sasa mpime," Mama akaniambia kwa sauti ya chini.

Nilimpima. Uso mbili. Miguu mbili, kwa sababu ile miguu niliyoiona imetulia ilikuwa imekakamaa. Mwili moja. Kwenye kilio nilikwama, maana karatasi haina mahali pa kilio kisicho na sauti, nikaweka moja. Kubembelezeka sikuweza kupima, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumbembeleza. Zilifika sita, na jambo moja halijahesabiwa.

Laiti ningeweza kuandika kwamba nilimfikiria mtoto kwanza. Nilimfikiria sista, aliyekuwa amesimama begani kwangu na kuyaona yote. Halafu nikawafikiria wale kina mama na lile neno nililolisema kuhusu ndoo. Mtoto alikuja wa tatu. Lakini alipokuja, alikuja na asubuhi yake yote, tangu nilipoingia zamuni, na mimi nikipita hapo mara tatu na kalamu.

Nilifungua kabati, sista akashuhudia kipimo, nikaivuta morfini kwa bomba dogo lisilo na sindano. Nilipofika kitandani mtoto akakakamaa tena. Uso ukarudi kuwa ule wa sifuri. Nilipoinua bomba alifunga mdomo na mwili wote ukatetemeka bila kutoa hata mguno. Nilimwambia kwamba ni dawa tamu tu. Hakunisikia. Alikuwa akitazama saa yangu.

Nilimuuliza mama yake, ambaye alikuwa amerudi na leso mbichi mkononi, kwa nini mtoto ananiogopa hivi. Alinong'ona akiitazama sakafu.

"Nilimwambia akilia, yule mwenye saa kifuani atamdunga. Si kwa ubaya, daktari. Sikutaka akusumbue."

Niliinua macho nikawaangalia wengine. Kila mama alikuwa ameinamia mtoto wake, akimrekebisha shuka lisilohitaji kurekebishwa. Wote walikuwa wamewaambia hivyo, kila mmoja mtoto wake. Ndivyo tulivyolelewa na sisi: ukilia daktari atakuja na sindano. Walinistahi, na kwa kunistahi walinifanya mimi kuwa ile sindano. Nami nilikuwa nimewaomba ukimya, wakanipa ukimya, nikauandika kuwa ni raha.

Mama aliketi kitandani upande wa mto, akampakata mtoto kichwa, akamwambia kitu kwa Kidigo kuhusu mbuzi aliyekula kanzu ya imamu. Mtoto hakucheka, lakini mdomo ulilegea. Nikaingiza bomba pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, nikiwa nimepiga magoti. Ni mimi niliyetoa dawa. Sheria haimruhusu yeye. Lakini dawa ilimezwa kwa sababu yake.

Nusu saa baadaye yule mtoto alilia kwa sauti. Alilia kweli, kilio cha kudeka na kulalamika, kikajaza wodi. Vidole vya mguu vilikuwa vimenyooka. Alikuwa akidai kitumbua. Alikula nusu, akalala na nusu nyingine mkononi, na katika kitanda cha tatu mtoto mwingine, aliyepasuliwa ngiri, ambaye nilikuwa nikimwandikia moja tangu juzi, naye akaanza kulia. Kufika adhuhuri zamu yangu ilikuwa na kelele kuliko zote. Nilipima upya vitanda vyote nikiwa barazani.

Watu hutarajia niseme kwamba wivu uliishia hapo. Uliongezeka. Kabla ya siku ile nilimwonea wivu kwa mihogo na papai, na ningeweza kujifariji kwamba wanaompa hawajui wanachokifanya. Baada ya siku ile nilijua kwamba anacho kitu ambacho mimi sina, na kwamba hakukisomea kokote ambako ningeweza kulipa karo nikaenda. Nilimuuliza siku moja, kwa kujikaza, alijuaje. Alifikiri kidogo akasema kwamba mpiga deki hakuna anayemnyamazia. Nilikasirika zaidi kwa kuwa lilikuwa jibu zuri.

Saa niliivua nikaiweka mfukoni. Kina mama nikawaambia waache kunitaja kwa watoto. Na kila nilipompima yule mtoto wa Funzi, nilimtafuta Mama kwanza, popote alipokuwa na ndoo yake, nikamuuliza. Aliniambia: leo ameamka amenuna lakini amecheza na kijiko, leo amemkataza mama yake asimguse mguu. Mimi nilikigeuza alichoniambia kuwa alama, nikaandika tarakimu, nikatia sahihi yangu. Sahihi ina mahali pamoja tu, napo panataka muuguzi.

Siku ya tano ilikuwa ya kufungua bendeji ya kifuani kwa mara ya kwanza. Ni kazi inayouma. Ikifanywa kabla dawa haijashika, mtoto hawezi kuisahau, na kila bendeji baada ya hapo huwa vita. Mpasuaji alikuja asubuhi na wanafunzi wake wawili, yule yule aliyewahi kuuliza kama watoto wamehamishwa. Alisimama kando ya kitanda akaifunua karatasi yangu kuanzia juu. Alisoma zile sifuri tatu, kisha sita, kisha siku zilizofuata, zikipanda na kushuka na dawa. Akasema hizi za baadaye ni alama za mtu anayeona. Akauliza ni nani anayempima.

Sahihi zote zilikuwa zangu. Sista alinitazama. Nyuma yangu nilisikia deki ikisuguliwa sakafuni, haikusita.

Nilijua ladha ya sifa za mpasuaji yule. Niliwahi kuishi mwezi mzima kwa sentensi yake moja. Lakini alikuwa karibu kuuliza kama mtoto yuko tayari, na mimi sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa dawa, na nilipomtazama niliona uso uliotulia, ambao kwangu haukuwa na maana yoyote tena.

"Anayeandika ni mimi," nikasema. "Anayeona ni yule."

Yalinitoka kwa shida kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nadhani nilitegemea kidogo kwamba mtu atausifu uungwana wangu. Hakuna aliyeusifu. Mpasuaji alikuwa ameshageuka na kumwendea Mama, akampa mkono, mkono wa Mama ukiwa bado na maji ya dawa, akaanza kumuuliza. Anamtazama akiwa wapi? Kitu gani cha kwanza anachokiangalia? Wale wanafunzi wakatoa madaftari. Waliandika. Mimi nilisimama na trei ya pamba na makasi, na kwa miaka yote miwili mpasuaji yule hakuwahi kunipa mkono.

Mwishowe akamuuliza kama wanaweza kuanza. Mama hakumsogelea mtoto. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akamtazama kutoka pale kama mtu anayesubiri kitu kingine.

"Bado," akasema. "Mwacheni kidogo."

Na mpasuaji akangoja. Alikunja mikono kifuani akangoja, na wanafunzi wake wakangoja, na sista akavuta stuli akaketi. Mtoto alikuwa akisokota ncha ya leso ya mama yake. Nilitazama saa ya ukutani ikimaliza dakika nne, halafu tano, trei ikinilemea mikononi, na sikutaka kitu kingine duniani ila mtu aningoje mimi hivyo, hata mara moja.

Mtoto akaiachia leso, akapiga mwayo, akageukia ukuta akililalia paja lile lile la kushoto.

"Haya, sasa," Mama akasema, nami nikasogeza trei.